Viwavi wa Mke Wangu

Mke wangu alikuwa anafuga viwavi. Nasema kufuga kwa sababu sijui niite nini tabia ya mtu kuwafunika wadudu chandarua. Hapa Kakese viwavijeshi wakiingia shambani watu hawapati usingizi mpaka mahindi yapigwe dawa, kwa hiyo habari zetu zilisimuliwa hadi kisimani.

Ilianza mwaka alioanza kuumwa. Shamba hakuliweza tena, hata kuinama kupalilia mboga kulimchosha, basi akawa anakaa kwenye mkeka nyuma ya nyumba, karibu na bafu letu la nje. Pale palikuwa na mlimau mdogo, na maji ya kuogea yalipotoka bafuni yalilowesha udongo siku zote. Vipepeo walipenda kutua kwenye tope lile wakinywa. Mimi nimeishi na tope hilo miaka yote, na nilichoona ni tope. Yeye aliwatazama mpaka akajua kwamba wale weusi wenye madoa ya njano hutaga mayai kwenye majani ya mlimau, na kwamba vile vitu nilivyodhani ni mavi ya ndege juu ya majani ni watoto wao.

Tangu hapo kona ile ikawa ya kwake, akakataza isifyekwe. Majani yakapanda hadi kiunoni, yakachanua humo maua ya porini ambayo sikuwahi kuyajua majina. Ndizi zilizoiva kupita kiasi na maembe yaliyooza yakawa yanawekwa pale kwa makusudi, eti vipepeo wanayapenda. Nililalamika sana. Kwetu uwanja hufagiliwa kila asubuhi mpaka ubaki udongo mtupu, na watu wakiona nyumba yenye majani hujiuliza kimoyomoyo: humo kuna mgonjwa au kuna mvivu? Nilimwambia anafuga nyoka. Akanijibu kwamba nyoka wa nyumba hii ni mimi, kwa jinsi ninavyofoka. Alikuwa na mdomo huyo. Na kipepeo akitua karibu yake alisema mgeni njoo, mwenyeji apone, nami nikatamani sana iwe hivyo.

Jirani yetu wa upande wa pili wa ua, mfugaji aliyehamia hapa na ng'ombe wake kutoka kaskazini, ndiye aliyecheka kuliko wote. Alimwuliza mke wangu kama viwavi wake wakikua atawakamua. Lakini alipoombwa asipige dawa mahindi yake wakati upepo unavuma kuja kwetu, alikubali. Akawa anaamka mapema kabla upepo haujaanza, anabeba bomba la dawa mgongoni huku akinung'unika kwamba Mungu amempa shemeji mwenye mifugo ya ajabu. Hakuvunja ahadi hata mara moja. Nilimpenda kwa hilo, ingawa sikumwambia.

Masika iliyopita ugonjwa ulizidi. Hakuweza tena kutembea peke yake, nikawa nambeba hadi mkekani. Viwavi walikuwa wamenenepa, wa kijani, na ukiwagusa walitoa kipembe cha rangi ya chungwa chenye harufu kali. Yeye alicheka kila walipofanya hivyo. Kisha wakaanza kujifunga. Mmoja mmoja alishika kijiti, akajizungushia uzi mwembamba, akageuka kifuko ambacho, kama hujaonyeshwa, utaapa ni jani lililojikunja. Alinishika kidole akanionyesha kimoja baada ya kingine. Ndani yake, alisema, kiwavi anayeyuka kabisa ili awe kitu kingine. Nilijua kwa nini alipenda kulifikiria jambo hilo, naye alijua kwamba najua.

Siku ya kumpeleka hospitali mjini, bodaboda isingefaa, tukapata gari. Kabla ya kupanda aliniomba nimpitishe nyuma ya nyumba. Alivitazama vile vifuko kwa muda mrefu.

"Mtu asiguse hapa mpaka watoke," akasema. "Hata kama mimi sipo."

Nikamwambia hakuna atakayegusa. Alitosheka, nikambeba hadi garini.

Hakurudi akiwa hai.

Msiba ukitokea kwetu, hakuna anayengoja kuitwa. Wanawake huja na masufuria na maji, wanaume huja na majembe na mafyekeo, na kabla maiti haijafika uwanja wote huwa umefyekwa na kufagiliwa, ili waombolezaji wapate pa kukaa na mfiwa asiaibike. Ni heshima kubwa. Mimi mwenyewe nimefyeka viwanja vya wengi waliofiwa. Nikiwa mjini nahangaika na jeneza na gari, heshima hiyo ilikuwa inatendeka nyumbani kwangu.

Tulipofika, wanawake walilipokea jeneza kwa kilio, nami nikapita pembeni hadi nyuma ya nyumba. Palikuwa peupe. Udongo ulikuwa na mistari ya ufagio, tope limefunikwa mchanga, chandarua kimefuliwa na kuanikwa kwenye kamba. Mlimau ulikuwa kisiki. Matawi yake yalikuwa mafigani, chini ya sufuria ya uji wa waombolezaji, yakifuka moshi wenye harufu ya limau. Nilichutama nikayachokoa, nikakuta makaa na majivu. Nilitaka kumpiga mtu. Nasema kweli: mke wangu amelala ndani ya sanduku, na mimi nilikuwa natafuta mtu wa kumpiga kwa ajili ya wadudu. Niliuliza nani alifyeka huku nyuma. Nikaambiwa ni jirani yangu, ila kwa sasa yuko makaburini anachimba kaburi.

Tulimzika jioni ile. Tulipokuwa tunanawa mikono, jirani alinijia mwenyewe. Watu walisema alichimba karibu peke yake na hakukubali kupokewa jembe. Macho yake yalikuwa mekundu. Bila kuulizwa akaanza kunieleza kwamba ndiye aliyeisafisha kona ya shemeji, maana hakutaka wageni waseme marehemu alikuwa anaishi porini. Maneno yangu yote yalikuwa tayari mdomoni, na hayakuwa mazuri.

"Ila niliangalia kwanza, kaka," akasema. "Jani kwa jani. Nilisema nikikuta hata kiwavi mmoja, naacha. Sikukuta." Akaitazama mikono yake. "Au nilikosea?"

Nilimwona akilini, mtu mzima yule, akipekua majani ya mlimau wakati wenzake wanamngoja na mafyekeo. Mle ndani vifuko vilikuwa mbele ya macho yake, na hakuna aliyewahi kumshika kidole akamwonyesha.

"Hukukosea," nikamwambia. "Walikuwa wameshatoka."

Akashusha pumzi, akainama juu ya beseni. Nikachukua jagi, nikammiminia maji mpaka udongo wa kaburi ukamtoka mikononi.