Vidole Vitatu na Mbuzi Mmoja

Mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, alipokatwa vidole vitatu vya mkono wa kulia na mashine ya randa kwenye karakana ya mbao pale Maji ya Chai, ukoo ulinitafuta mimi. Si kwa sababu nina gari, maana sina. Nimesoma chuo kikuu, na kwetu Meru mtu wa chuo kikuu anahesabika kuwa anajua kila kitu isipokuwa kulima. Sijawahi kuwasahihisha.

Nilitoka Levolosi mjini, ninakofundisha, Jumamosi asubuhi, nikamkuta mwenye karakana ameshafika nyumbani kwa mdogo wangu. Alikuja na wazee wawili, kreti ya soda, na beberu mweupe aliyefungwa jani la sale shingoni. Kwetu, anayekuletea sale anaomba msamaha, na msamaha huo haukataliwi. Soda unaweza kukataa. Hata mbuzi unaweza kumkataa, ukiwa mjinga. Sale hukatai.

"Huyu ni kijana wangu," mwenye karakana alisema, na machozi yalimlengalenga kweli. "Ameumia akinifanyia kazi mimi. Mambo ya serikali ya nini? Sisi ni watu wa usharika mmoja."

Wazee wakatikisa vichwa. Mdogo wangu naye akatikisa, lakini yeye alikuwa amemeza dawa kali za maumivu. Angekubali hata kurudi kazini jioni ile.

"Msomi," mzee mmoja akanigeukia, "tuandikie tumalizane."

Mtu mwingine angeandika mistari mitatu. Mimi niliandika kurasa mbili. Nilianza na hali ya hewa. Nikaeleza kwamba kijana ameajiriwa hapo miaka minne, Jumatatu hadi Jumamosi, na kwamba ajali ilitokea saa nne asubuhi akiranda mbao za mgrevilea. Nikaandika kwamba kinga ya mashine iling'olewa tangu Pasaka kwa kuwa ilichelewesha kazi.

"Si Pasaka," mwenye karakana akanisahihisha. Alikuwa mzee wa kanisa, hapendi uongo. "Ilikuwa Kwaresma."

Nikafuta Pasaka, nikaandika Kwaresma. Nikafunga kwa sentensi niliyojivunia sana: kwamba majeruhi amesamehe kwa moyo mweupe na hatadai chochote, leo wala kesho. Wote wakasaini, mdogo wangu kwa dole gumba la kushoto. Mwenye karakana akatoa mhuri mfukoni akagonga. Beberu akachinjwa, tukala na loshoro ya mahindi na maziwa mgando, mimi nikapewa kidari kwa kazi nzuri.

Mwezi haujaisha, shemeji, yaani mke wa mdogo wangu, akanipigia simu. Kwenye randa alikuwa ameshawekwa mtu mwingine.

"Shemeji, ile barua yako ni nzuri. Nimeisoma mara mbili. Sasa niipike?"

Jibu yeye alikuwa nalo. Muuguzi aliyekuwa akimfunga mumewe kidonda alimweleza kwamba aliyeumia kazini ana mfuko wa fidia: matibabu, malipo ya muda ambao hawezi kufanya kazi, na ulemavu ukibaki, daktari anaupima na unalipwa. Mwajiri anatakiwa kutoa taarifa na kujaza fomu. Mimi na shahada yangu nilidhani fidia ni ya watu ambao barabara imepita kwenye migomba yao.

Tukamfuata mwenye karakana atujazie fomu. Akatutazama kama anayetafuta sura zetu kwenye kumbukumbu.

"Mwajiriwa? Yule alikuwa anapita tu kunisaidia. Mkataba uko wapi?"

Mkataba haukuwepo. Kwenye karakana ile hakuna aliyewahi kuuona.

Basi tukaenda mjini kwa ofisa wa kazi, dada wa umri wa wanafunzi wangu. Nilikuwa nimemsihi shemeji aiache ile karatasi nyumbani, kwa sababu sentensi yangu ya mwisho ilikuwa imetuzika. Hatujakaa sawa, shemeji akaitoa kwenye pochi akaiweka mezani. Dada akasoma ukurasa wa kwanza. Akasoma wa pili. Mimi nikakagua dari.

"Nani kaandika hii?"

Nilitamani kusema ni marehemu fulani. "Mimi."

"Hii sentensi ya mwisho haina kazi. Haki hii mtu hawezi kuisaini akaiacha." Akarudi ukurasa wa kwanza. "Lakini miaka minne, saa ya ajali, mashine, kinga... Hii saini ni ya mwajiri? Na mhuri?"

"Ni wake."

"Mnatafuta mkataba gani tena?"

Mwenye karakana aliitwa. Alipoiona ile karatasi alimgeukia shemeji, na nadhani aliumia kwa dhati. "Mama, si tulimaliza kwa sale?"

"Baba, sale tulilipokea na tumekusamehe," shemeji akasema. "Wanaodai ni vidole. Vyenyewe havikula mbuzi."

Mwenye karakana akaomba kalamu, akajaza sehemu yake. Sehemu ya majeruhi ilibaki, na kwa kuwa mdogo wangu hawezi kushika kalamu, nikaichukua mimi. Palikuwa na nafasi ya kueleza jinsi ajali ilivyotokea, mistari minne. Nikauliza kama naweza kuongeza karatasi.

Shemeji akaninyang'anya kalamu, akaandika mwenyewe. Alitumia mistari miwili.

Fidia ilikubaliwa. Siku ya kusaini kupokea fedha, mdogo wangu alikataa kuweka dole gumba. Alikuwa amejifunza kuandika jina lake kwa mkono wa kushoto. Lilipinda vibaya, akatusubirisha mpaka alipolimaliza.