Nani Kachinja?

Zamani katika mtaa wetu mtu aliyealikwa hakuuliza kama chakula kimeiva. Aliuliza nani kachinja. Iwe harusi, iwe msiba, hata awe kuku mmoja wa kumkaribisha shemeji, swali lilikuwa hilo, na jibu lake lilikuwa moja: Kinoo. Ukishasikia Kinoo, unanawa mikono unakula: wewe wa msikitini, wewe wa kanisani, na yule jirani yetu ambaye Ijumaa na Jumapili zote alizilala.

Kinoo si jina alilopewa na mama yake. Tulimwita hivyo kwa sababu ya jiwe lake la kunolea, ambalo alilificha nyuma ya ukuta wa bucha. Mnyama haruhusiwi kuona kisu kikinolewa, alisema, wala kumwona mwenzake akichinjwa. Kabla ya kuchinja alimpa maji. Nimeishi na watu wengi ambao hawakupata kunitendea hata hayo.

Bucha yake ilikuwa na mlango mmoja, ndoano chache, mizani yenye kutu na gogo lililobonyea katikati kama godoro la mzee kwa miaka ya shoka. Nyama aliifunga kwa gazeti. Mimi niliacha shule ningali nahesabu kwa vidole, na mengi ninayoyajua kuhusu dunia niliyasoma kwenye karatasi zenye damu ya ng'ombe. Siku hizi nyama inawekwa kwenye mfuko wa plastiki, na mtu akifika nyumbani hana anachosoma. Labda ndiyo maana tumekuwa hivi.

Siku za Jumamosi ungewaona akina mama wa kwaya wamepanga foleni kwake, kila mmoja na kuku wake kwapani. Hakuna sheria iliyowatuma. Wazee wetu waliona tu kwamba ni aibu kupika chungu ambacho nusu ya mtaa haiwezi kukigusa. Kinoo alichinja, akarudisha kuku, akamtania mwenye kuku, basi. Mke wake alipofariki, akina mama hao hao walimpikia mpaka akanenepa, na binti yake aliyeolewa mji wa mbali alipomwita akakae naye, alikataa. "Nikiondoka," alimwambia, "watu hawa watakula nini?"

Kisha ikaja homa.

Ilitoka kwa mifugo ikaingia kwa watu. Vijiji vya ng'ambo vilizika. Mtaani kwetu waliugua wachache, na mmoja wao alikuwa binti mdogo wa Mtarajiwa. Huyu Mtarajiwa alizaliwa nyumba ya tatu kutoka kwangu. Tulimpa jina hilo kwa sababu mabango yake yote yaliandikwa "Diwani Mtarajiwa", na wenye utani wakasema mwanamume huyu ataendelea kutarajiwa mpaka azeeke. Lakini mtoto akiwa wodini amefungiwa dripu, utani unaisha. Nilimwona siku zile. Alikuwa amekonda, shati linamning'inia. Ile hofu ilikuwa ya kweli, na ndiyo maana ilimwelekeza vibaya kwa urahisi.

Mdahalo wa wagombea ulifanyika ukumbi wa shule. Zamani tulijadili mambo tumekaa, mmoja anasoma gazeti kwa sauti, wengine wanabisha. Sasa kila mtu alikuwa na simu, na kila simu ilikuwa na sauti ya mtu asiyejulikana akisema homa inatoka kwenye visu vya Waislamu. "Lisemwalo lipo," watu wakasema. Sijui nani alitupa methali hiyo. Imemaliza watu wengi kuliko homa.

Mtarajiwa akasimama na suti yake. "Mimi siongelei dini ya mtu," akasema, na hapo hapo nikajua ataiongelea. "Naongelea usalama. Kwa nini nyama ya mtaa mzima ipite kwenye kisu kimoja, cha watu wa imani moja, wanaomwaga damu chini kwa taratibu zao? Mimi mwanangu yuko hospitali!"

Ukumbi ukapiga makofi. Mpinzani wake, asitake kuachwa nyuma katika kuogopa, akasema yeye bucha hiyo angeifunga tangu mwezi uliopita.

Fundi cherehani akanyoosha mkono, mwanamke mwenye ushungi na ulimi. "Mheshimiwa, mimi ni wa hiyo imani moja. Na hiyo suti nimekushonea mimi. Utaivua hapa au nyumbani?"

Watu walicheka, lakini kicheko kilikuwa kifupi. Mkaguzi wa nyama naye akaomba nafasi. Alieleza kwamba hatari ni kushika damu mbichi bila glovu, kula nyama isiyoiva na kunywa maziwa yasiyochemshwa. Mnyama mgonjwa yeye hampigi muhuri. Na homa haijui mtu anaswali au anasali.

"Wewe mwenyewe nyama unanunua wapi?" sauti ikatoka nyuma.

"Kwa Kinoo."

"Aaah! Ndiyo maana anamtetea!"

Hapo mjadala ukaisha. Mtu akishaogopa, ukweli ukimjia anauuliza kwanza umetumwa na nani.

Hakuna aliyekwenda kumvunjia Kinoo mlango. Watu wetu ni wastaarabu: walivuka tu barabara. Mama mmoja wa kwaya, ambaye Kinoo alimchinjia kuku wa harusi za watoto wake wote, alipita upande wa pili amejikinga na mwavuli, na jua halikuwepo. Inzi walitua kwenye gogo, wakakosa cha kufuata, wakaondoka. Nilikwenda kukaa naye mlangoni, wazee wawili kama masufuria yaliyosahauliwa nje.

"Nimempigia binti yangu," akaniambia. "Nimekubali. Nafunga."

"Wamekufukuza?"

"Ingekuwa hivyo! Mtu akikufukuza, amekutambua. Mimi nimeachwa tu, mzee mwenzangu."

Nikaanza kumwambia avumilie, akanikata. "Usiniletee methali. Una mpya?"

Alikuwa ameshalitia shoka kwenye gunia.

Mtoto wa Mtarajiwa akapona. Mungu ni mwema, na manesi nao. Mama yake Mtarajiwa, kikongwe aliyekuwa na benchi lake mwenyewe kanisani na hakuna aliyethubutu kulikalia, akasema lazima kuwe na shukrani uani kwake, mtaa mzima ualikwe. Mtarajiwa akakubali haraka. Mtaa mzima ni kura. Akagharimia turubai, viti, mchele, na nyama akaiagiza mji mwingine, imefungwa kwenye maboksi, safi, haina harufu hata ya mbuzi.

Mtu aliyekulia mtaa wetu, aliyekula kwa jirani kabla ya kujua kutembea, akasahau jambo moja.

Tulijaa. Fundi cherehani alikuja, imamu alikuja, hata Kinoo alialikwa, ila yeye alibaki kwake anafunga mizigo. Padri akaomba, imamu akaomba, mtoto akapitishwa tumwone, mwembamba lakini macho yanacheza. Sahani zikaanza kutembea. Zilipofika upande wa akina mama wa msikitini, fundi cherehani akauliza kwa adabu, kama anavyouliza kila mahali, "Samahani, nani kachinja?"

Aliyekuwa anagawa akamtazama Mtarajiwa. Mtarajiwa akafungua mdomo. Niliona uso wake ukikumbuka.

"Ni... ni nyama ya kiwandani. Salama kabisa. Imechinjwa na mashine."

"Mashine," fundi akarudia. "Ya madhehebu gani?"

Watu wakaangua kicheko, safari hii mpaka turubai likatikisika. Lakini yule fundi aliirudisha sahani taratibu, akachukua glasi ya maji. Na mwenzake. Na mwenzake. Hawakununa, hawakusimama. Walikaa tu na maji yao, wakimtabasamia mtoto.

Ndipo yule mama wa kwaya, yule wa mwavuli, akaitazama sahani yake iliyojaa. Akaiweka chini ya kiti. "Nitakulaje," akasema, bila kumwambia mtu yeyote, "huyu kashinda kwenye cherehani ananishonea sare ya kwaya, leo nakula mbele yake?" Mwingine naye akafunika sahani. Ilienda hivyo, benchi kwa benchi, bila mtu kuhubiri. Wali ukapoa mbele ya watu wenye njaa.

Kikongwe akamwita mwanawe kwa jina lake la utotoni, ambalo kwa heshima ya ofisi anayoitafuta sitaliandika. "Hivi mimi nilikuzaa au nilikuokota?"

"Mama, watu wanatusikia..."

"Wasikie! Shukrani ya mjukuu wangu, jirani zangu wanakunywa maji? Siku nilipokuzaa wewe, nani alichinja?"

Mtarajiwa akaanza kuinyoosha tai yake.

"Nakuuliza!"

"Kinoo, mama."

"Na ulikufa?"

Akanigeukia mimi, kwa kuwa ndiye niliyekuwa bila kazi. "Shemeji, nenda kamlete. Yule beberu wangu wa nyuma atachinjwa leo. Na mkaguzi aache kujificha nyuma ya nguzo, aje amkague."

Nilimkuta Kinoo anafunga kamba ya gunia. Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akaendelea kufunga.

"Kakutuma nani, mwana au mama?"

"Mama."

"Mwana kasema nini?"

"Kasema 'Kinoo, mama.'"

Akakaa juu ya gunia. Nilidhani atakataa, na angekataa nisingemlaumu. Mimi mwenyewe kinyongo nimekilea kuliko wajukuu. "Mke wangu alijifungulia mikononi mwa yule bibi," akasema. "Sasa ameniita, nitamwambia nini? Kwamba nina hasira?" Akafungua kamba. "Lakini leo nachinja na glovu. Mkaguzi alinipa, nikaziona kama tusi, nikaziweka. Alikuwa anasema kweli. Homa ipo. Sitaki mtu aumwe kwa ubishi wangu."

Beberu akakaguliwa macho, ulimi, joto. Mzima. Akapelekwa nyuma ya nyumba, akapewa maji. Alitakiwa mtu wa kumshika miguu, na kabla ya yeyote kujitokeza kikongwe akanyoosha kidole. Mtarajiwa akavua koti.

"Subiri," Kinoo akamwambia. Akatoa glovu nyingine mfukoni. "Vaa hizi. Wewe unarudi nyumbani kwenye mtoto aliyetoka hospitali."

Mtarajiwa alizivaa, zikamkataa kidole kimoja, Kinoo akamsaidia kuzivuta kama anavyovalishwa mtoto soksi. Hawakusemezana zaidi ya hapo. Kinoo akataja jina la Mungu, kisu kikapita mara moja. Tulikula jua likiwa limeinama, nyama imechemshwa mpaka inaachana na mfupa, na sikusikia aliyelalamika kwamba imechelewa. Ya maboksi waligawiana walioitaka, wakaibeba kwao.

Wanaopenda hadithi za kuombana radhi, sina ya kuwapa. Mtarajiwa hakuomba. Zamani mtu angekwenda na wazee wawili, akaketi, akasema nimekosa, hayo yamekwisha. Mdahalo uliofuata, mtu alipoanza habari za visu vya watu fulani, Mtarajiwa alisema wachinjaji wote wapewe glovu na aproni, kila imani, kisha akahamia kwenye barabara. Wengine hawakurudi kwa Kinoo kabisa. Bado wananunua nyama ya mashine na simu zao bado zinawaambia mambo. Lakini binti yake alipopiga kuuliza atafika lini, nilikuwepo nikasikia jibu: "Mwanangu, njoo wewe. Mimi nina wateja."

Aliongeza chumvi kidogo. Asubuhi ile alikuwa naye mmoja tu, mke wa Mtarajiwa, amesimama mbele ya gogo hajui mikono aiweke wapi. Kinoo alikuwa na glovu, na paja lililoning'inia nyuma yake lilikuwa na muhuri wa zambarau, wino haujakauka.

"Mtoto kaamkaje?" akamuuliza.

"Kaamka anadai nyama, baba. Supu kaikataa."

"Akidai nyama amepona." Akakata kipande laini, akakifunga. "Kichemke sana, mama, usiwe na haraka. Na bibi mwambie kesho nachinja asubuhi. Kama kuna mwenye kuku, alete."