Nahodha Aliyezunguka Mara ya Pili

Cyril Dawber alikuja kwangu kutaka baiskeli saba, na mfukoni hakuwa na kitu.

Ilikuwa majira ya baridi ya mwaka 1943, hapa Scarby, Lincolnshire, uwanja wa jeshi wa ndege za mabomu ukiwa umeshameza mashamba yetu mazuri ya viazi. Kila kundi jipya la warushaji lilianzia kwangu. Kutoka mabanda ya kulala hadi kwenye ndege ni mwendo, na kutoka hapo hadi baa ni mwendo mrefu zaidi, na mwenye baiskeli nilikuwa mimi. Nilizinunua chakavu, nikaziunga, nikaziuza kwa sharti moja: siku ukihamishwa, inarudi kwangu kwa nusu ya bei. Walioondoka kwa ile njia nyingine hawakuja kudai nusu yao. Ndivyo biashara ilivyokuwa, na kila aliyenunua alijua.

Dawber hakunibembeleza. Alizunguka uani mikono nyuma, akafika kwenye injini ya mvuke iliyokuwa ikizungusha msumeno wa mbao enzi za marehemu mume wangu, akafungua mlango wa tanuru akachungulia ndani kama mtu anayekagua meno ya farasi. Akauliza nani anaiendesha. Nikamwambia aliyeijua amelala makaburini. Akakunja mikono ya shati, nikaona makovu ya moto kuanzia kiganjani hadi kwenye kiwiko. Kumbe kabla ya kurusha ndege alikuwa akichochea makaa kwenye treni za mizigo za Doncaster, na baba yake kabla yake.

Akataka tubadilishane: yeye ataniwashia injini kila siku asiyopangiwa kuruka, mimi nitoe baiskeli. Nikasema tatu. Akatikisa kichwa.

"Mama Blanchard, sisi tuko saba. Nikipandisha watatu, wanne watatembea kwenye matope wakinitukana, halafu jioni niende nao Ujerumani."

"Na ukidunguliwa kesho?"

"Basi umepata baiskeli zako na mbao za leo. Faida yako."

Mtu anayekutajia faida yako kabla ya yake, ama ni mjinga ama ni mjanja kukuzidi. Nilimpa saba. Moja haikuwa na breki na sikumwambia. Aliigundua kabla hajafika getini, akaitenga, na hiyo ndiyo aliyoipanda mwenyewe hadi mwisho.

Watu wake sita niliwajua kidogo kidogo, lakini aliyezoea kukaa uani kwangu alikuwa Archie Tulloch, Mskoti wa Aberdeen, mpiga bunduki wa mkiani. Kabla ya vita alikuwa akisukuma mkokoteni wa samaki, na mdomo wake ulikuwa bado uko sokoni. Yeye ndiye aliyenieleza jinsi kundi linavyoundwa, na sijapata kusikia soko la namna ile. Jeshi linawafungia ndani ya banda moja kubwa marubani, wasoma ramani, walenga mabomu na wapiga bunduki, linawaambia: chaguaneni. Hakuna dalali, hakuna orodha. Watu wanatazamana wakipita, kama mnada ambao ng'ombe ndio hao hao wanunuzi, mpaka kila mtu amepata watu wa kufa nao.

"Wewe ulimchagua Dawber kwa lipi?" nikamuuliza.

"Mikono, Mama. Wengine walikuwa na masharubu. Huyu alikuwa na alama za kazi. Nikasema, huyu akiungua hatashangaa."

Baridi yote ile walikwenda na kurudi. Makundi mengine hayakurudi, na asubuhi nilikuwa nikiona mafundi wamesimama kwenye eneo tupu la kuegeshea ndege, hawana la kufunga wala la kufungua. Injini yangu ikawaka, msumeno ukazunguka, nikauza nguzo za uzio hadi wilaya ya pili. Dawber hakupoteza kipande cha makaa. Alifanya kazi kimya, akanywa chai yake, akapanda baiskeli yake isiyo na breki akiburuza kiatu kwenye kona. Wakati theluji ilipoyeyuka nilimwambia wazi: vita vikiisha, rudi hapa, nusu ya yadi hii ya mbao, ua na biashara yake yote, ni yako. Sikufanya kwa mapenzi. Mtu wa mvuke asiyekunywa pombe kazini hapatikani kila soko. Aliniomba nimngoje amalize kwanza hesabu ya zamu yake, ndipo tupeane mkono.

Hesabu hiyo ndiyo iliyoleta mambo. Zamu ya mrushaji ilikuwa safari thelathini. Ukizimaliza unapumzishwa, unapelekwa kufundisha wengine, na wenzako wanakununulia bia. Lakini majira yale ya kuchipua ya mwaka 1944 ndege ziliacha miji ya Ujerumani, zikaelekezwa Ufaransa, kuvunja yadi za reli, pale treni zinapopangwa, na karakana za vichwa vya treni, Wajerumani wasiweze kusogeza majeshi yao kwenda pwani. Wakubwa wakaona Ufaransa ni karibu, basi safari moja ikahesabiwa theluthi. Theluthi! Mimi nimeuza vitu vingi katika maisha yangu, hata sungura aliyeanza kunuka, lakini sijathubutu kumchukulia mtu kichwa kizima na kumlipa sikio. Baadaye waliifuta kanuni hiyo, baada ya usiku mmoja kuwala wengi mno. Kundi la Dawber walikuwa hawajafutiwa. Walikuwa wamebakiwa na safari moja, ikageuka kuwa tatu. Walikwenda mbili, wakarudi. Ikabaki theluthi ya mwisho.

Yaliyotokea huko niliyapata kwa Tulloch, kitandani hospitali, na baadaye kwa mlenga mabomu wao, kijana mwembamba aitwaye Pask. Maelezo yao hayakupishana ila kwenye matusi.

Walipelekwa kwenye yadi kubwa ya reli kaskazini mwa Ufaransa, yenye karakana ya kutengeneza vichwa vya treni kando yake. Amri ilikuwa wasidondoshe bomu mpaka waone mataa mekundu yaliyoangushwa na ndege za kwanza, kwa sababu Wafaransa, ambao si adui zetu, wanaishi ukuta kwa ukuta na yadi. Walipofika, mataa yalikuwa yameshafunikwa na moshi, na upepo ulikuwa ukiusukuma moshi wenyewe kuelekea mjini. Ndege zilizowatangulia zilikuwa zikimimina ndani ya moshi huo na kugeuza pua nyumbani.

Pask, aliyelala kifudifudi puani mwa ndege mkono kwenye kitufe, akasema haoni taa, anaona moshi tu.

Kila mmoja ndani ya ndege ile alijua bei. Wakidondosha sasa, zamu imekwisha, wamepona. Wakirudi na mabomu, safari haihesabiwi. Na kuzunguka ni kukata njia ya ndege nyingine kubwa zinazokuja zimezima taa, halafu kujipanga tena nyuma kabisa, wakati bunduki za chini zimeshapata kipimo na ndege za kivita za adui zimeshafika.

Tulloch akasema kutoka mkiani, "Dondosha, nahodha. Moshi hauna mashahidi."

"Kando ya kila yadi kuna nyumba za watu wa reli," Dawber akajibu. "Nimezaliwa kwenye moja. Tunazunguka."

"Mimi nimezaliwa Aberdeen, na ningependa kuiona tena."

"Utaiona. Funga mdomo utazame nyuma."

Akazungusha. Pask aliniambia kimya cha Tulloch katika mzunguko wote ule kilimtisha kuliko mizinga. Waliporudi walikuwa karibu peke yao. Lakini upepo ulikuwa umefungua pazia: taa moja nyekundu ilikuwa bado inaungua, na chini yake Pask aliona reli zinang'aa na paa refu la karakana. Akadondosha. Ndege ikaruka juu kama punda aliyetuliwa mzigo.

Ndege ya kivita iliwapata wakiwa wamekaribia bahari, ikatokea chini, upande wasioweza kuuona. Mtambo mmoja kati ya minne ya ndege ukashika moto. Risasi zikapita kwenye kibanda cha Tulloch. Alijibu mapigo mpaka yule akaachana nao, ndipo alipotazama chini akaona kiatu chake cha kushoto hakiko alikokiacha. Dawber aliuzima ule moto, akaileta ndege kwa mitambo mitatu, akaitua Scarby bila kuvunja kioo. Mafundi walioipokea walisema walizoea kutazama matundu, lakini lile waliliona la kuingia ndama.

Nilimpelekea Tulloch mkate wa nyama. Mguu ulikuwa umekatwa chini ya goti. Nikamuuliza kama safari ilihesabiwa.

"Theluthi," akasema. "Nadhani hata mguu wameuandika theluthi."

Dawber alikwenda kila siku hospitalini, na kila siku Tulloch aligeukia ukutani. Siku ya mwisho kabla ya kuhamishwa kwenda kufundisha, alikuja uani kwangu. Nilifikiri amekuja tupeane mkono. Nilikuwa nimeshanunua mkanda mpya wa msumeno.

Alisema nusu ile niliyomwahidi anaitaka, ila anataka apewe Tulloch.

Nikamwambia nafasi si koti, huvui ukamvika mwingine. Nilimwahidi mtu wa mvuke mwenye miguu miwili. Nafanyia nini muuza samaki mwenye mmoja, tena mwenye kinyongo? Akasema kwa utaratibu kwamba mguu mmoja hauwezi kusukuma mkokoteni Aberdeen, lakini unaweza kusimama mbele ya tanuru. Kila likizo yake atakuja amfundishe. Nikasema kufundisha hakutoshi. Akauliza nataka nini. Nikataka aje mwenyewe angalau mwaka mmoja baada ya vita, bila fungu. Tulivutana mpaka chai ikapoa. Mwisho tukakubaliana: likizo zake zote wakati wa vita, na miezi sita baada yake, kazi bila fungu lolote.

"Wewe unabaki na nini?" nikamuuliza, kwa sababu mfanyabiashara hawezi kuona mtu anatoka sokoni mikono mitupu asiulize.

"Nilizunguka kwa hiari yangu, Mama. Yeye alizungushwa."

Kamera iliyo tumboni mwa ndege ilikuwa imepiga picha, na Pask alinieleza ilichoonyesha: paa la karakana limefumuka, reli zimejikunja. Picha za asubuhi iliyofuata zilionyesha pia mitaa iliyolala chini upande ule moshi ulikokwenda. Mabomu ya Dawber hayakuwa huko. Hiyo ndiyo bidhaa yote aliyoinunua. Watu waliopona kwa sababu yake hakupata kuwajua, wala wao hawakujua kuna mtu aliyelipa. Mimi sinunui mbuzi aliye ndani ya gunia, lakini namvulia kofia anayemnunua kwa bei kamili, halafu halalamiki.

Tulloch nilipompelekea habari alitazama pale mguu ulipoishia.

"Mguu mmoja kwa nusu ya yadi ya mbao," akasema. "Sijui nahodha kanipunja mimi au kakupunja wewe. Nachukua."

Dawber alitimiza neno lake hadi siku ya mwisho. Alimfundisha Tulloch kuwasha, kulisha na kupooza boila, wakisimama bega kwa bega bila kuzungumza ila mambo ya makaa. Kisha akarudi Doncaster kwenye treni zake, na miaka michache baadaye akapewa kuendesha.

Tulloch hakuwahi kuipenda ile injini. Ila mdomo ule ulioita wateja wa samaki uliweza kumuuzia mkulima nguzo mbichi akaondoka anashukuru, na nilipozeeka alikuwa ameshaongeza msumeno wa pili na lori. Siku moja mteja wa baa alimtania kwamba nahodha wake alikuwa mwendawazimu. Tulloch aliweka bia yake chini, akamwambia kumtukana Dawber ni haki ya watu sita tu, na kwamba yeye hayumo kati yao. Lakini kumwandikia Dawber barua, hakumwandikia.

Kwa hiyo nilipoteza mtu wa mvuke nikapata mtu wa soko, na kwa kweli nilipata zaidi ya nilichotoa. Tulloch alitoa mguu akapata riziki. Nusu ile ya yadi leo inalisha nyumba nne hapa Scarby, na hakuna hata moja yenye jina la Dawber.