Isale la Dereva wa Kifaru

Kaka yangu alivuta kamba ya msingi wa nyumba yake kihambani, shamba la ukoo wetu Machame, na kona moja ikaangukia kwenye mmea wa isale aliopanda babu kwa ajili ya Mzungu. Mama akatoka jikoni na kisu cha kumenyea ndizi, akaikata kamba.

"Hapo hapachimbwi. Hapo kuna mtu."

Hapakuwa na mtu, na yeye alijua. Babu alifanya kazi kwenye shamba la kahawa la mlowezi mmoja Mwingereza, upande wa Sanya Juu. Kijana wa mlowezi alikuwa rika lake. Walijifunza kuendesha trekta pamoja, wakalipindua mtaroni pamoja. Vita vikaja, kijana akajiunga na kikosi cha vifaru cha kwao, akafia Ufaransa. Mlowezi alimfuata babu kwenye mashine ya kumenya kahawa, akamwambia, kisha akabaki amesimama pale mpaka kazi ikaisha.

Kwetu mtu huzikwa kwao, kihambani, na isale hupandwa kaburini pake. Babu aliona rafiki yake amekosa vyote viwili, akampandia chini ya migomba yetu. Aliacha neno: siku kaburi lake likijulikana, isale lihamishiwe mpakani mwa kihamba.

"Basi nionyesheni kaburi," mama alisema.

Kaka akanigeukia. "Wewe si huwa hutulii? Katafute."

Alisema kweli. Mimi ni mtoto wa katikati. Kwetu wa kwanza hupewa kihamba, wa mwisho hubaki na nyumba ya wazazi, na sisi wa katikati hutafuta mbele ya safari. Nimekuwa mpagazi mlimani, nimekuwa utingo wa malori mpaka Tunduma. Sasa nimepanga chumba Rau, huko chini mjini, na nusu ya nguo zangu ziko bado kwenye begi.

Nilikuwa na picha aliyoiacha babu, nyuma yake jina la kijana na la kijiji cha baba yake. Nikaandikia kanisa la kijiji hicho kwa simu, Kiingereza changu cha sekondari na kamusi pembeni. Hawakumwona makaburini. Nikaandikia kanisa la kijiji jirani, halafu la upande wa mama yake. Miezi ikapita.

Mwishowe barua yangu ikamfikia mzee mmoja anayetunza karatasi za kikosi kile. Aliniuliza kwa upole kwa nini namtafuta Uingereza. Waliouawa Ufaransa waliachwa Ufaransa, wote, ndiyo ilikuwa amri.

Niliisoma nikiwa kwenye foleni ya maji, nikatoka kwenye foleni bila kujua. Hapa mtu akifia Mtwara, ukoo unachanga, gari linakodiwa, anarudi. Haikunijia akilini kabisa kwamba watu wenye meli zote zile wangewaacha watoto wao huko.

Yule mzee akanitumia picha za kurasa za daftari la kikosi, siku baada ya siku. Nyingi ni mvua, mafuta na minyororo ya vifaru kubadilishwa. Maofisa wakiumia wanatajwa kwa majina, askari wa kawaida wanahesabiwa tu. Nilizisoma nikitembea chumbani, hatua nne kwenda, nne kurudi. Nikamkuta mwishoni, kwenye orodha iliyoambatishwa ya waliopotea, halafu kwenye orodha ya waliokufa. Mengine alinieleza yule mzee: kwa kuwa alijua trekta, walimfanya dereva. Kifaru chake kilipigwa kwenye shamba la matunda lenye ua mrefu wa miti, kikaungua. Hakuna kaburi. Jina lake liko kwenye ukuta wa kumbukumbu, pamoja na mengine mengi.

Kaka alipiga simu. "Umempata?"

"Hana kaburi."

"Sikiliza, mdogo wangu. Saruji inagandia stoo. Mwambie mama lipo, lina msalaba na maua. Nani ataenda Ufaransa kukagua?"

Nilikuwa na picha, kutoka kwa yule mzee, ya kaburi la askari mwingine wa kikosi hicho, safi, majani yamekatwa vizuri. Siku tatu nilizunguka nayo, msituni Rau, stendi, sokoni. Kaka ana watoto wanne katika vyumba viwili. Jumapili nikapanda Machame.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja na kaburi?"

Kaka alinikazia macho. Simu ilikuwa mkononi, picha imefunguliwa. Nikaizima.

"Hana, mama. Aliungua ndani ya kifaru. Ana jina tu, ukutani."

Mama hakuacha kumenya ndizi. "Alikuwa peke yake mle ndani?"

"Walikuwa watano. Wawili walitoka."

"Na hao wawili waliobaki naye, wana kaburi?"

"Hawana."

Akafuta mikono kwenye kanga, akaenda kwenye isale, akalivunja vitawi viwili, akavichomeka ardhini kandokando.

"Mama!" kaka alipiga kelele. "Mmoja amekuwa watatu? Sasa mimi nijenge barabarani?"

"Sogeza kamba."

Kaka alinitupia jicho kali, halafu akang'oa vigingi vya kona ile. Nilishika upande wa pili wa kamba, iliyofungwa fundo pale mama alipoikata. Tulirudi nyuma hatua tatu, chumba cha watoto kikapungua.

Mama alikuwa anashindilia udongo kwa kisigino. "Na wewe mtu wa safari," aliniambia bila kuinua uso, "huko unakozurura uwe unatuambia uko wapi."

Nikamtajia mtaa wangu wa Rau na nyumba niliyopanga. Hakuwahi kuuliza, nami sikuwahi kusema.