Ukuta wa Matundu Nilioupiga Plasta

Mkosaji ni mimi. Naanza na hilo mapema kwa sababu najijua, nikiachiwa nafasi nitalaumu joto la Voi, kaka yangu, hata fundi wa watu. Hapana! Ni mimi, kwa mdomo wangu na kiburi changu.

Kwetu ni Werugha, huko juu ambako ukungu huingia ndani bila kubisha hodi. Baada ya Uhuru nilipata kazi ya ukarani relini hapa Voi, na miaka ya sabini ilipoanza nikabahatika kununua nyumba. Ilijengwa na Mzungu mmoja wa shamba la mkonge, akaishi humo kidogo, akarudi kwao. Tangu hapo walikuwa wakilala humo popo na mbuzi wa majirani.

Haikuwa nyumba ya kawaida. Paa lake lilikuwa bapa, limejitokeza mbele likatupa kivuli kirefu barazani. Nguzo za chuma, nyembamba. Madirisha ya vioo vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, unavifungua kwa mkono mmoja. Sakafu nyekundu. Na upande jua linakotua, baraza yote ilikingwa na ukuta wa matofali ya simiti yenye matundu, kutoka chini hadi juu.

Mimi na mke wangu, ambaye nitamwita Mama Mghoi kwa jina la binti yetu, tuliifufua nyumba ile kwa mikono yetu. Nilipanda juu nikaziba nyufa kwa lami, nikakwangua kutu, nikapaka rangi. Yeye alipiga magoti akasugua sakafu kwa kumbi la nazi mpaka wekundu ukarudi. Kisha akaugeukia ule ukuta. Alichovya gunzi la mahindi kwenye maji ya sabuni, akasugua tundu moja moja. Viota vya nyigu, vumbi, utando wa buibui, vyote akavitoa. Nilimcheka. Hakujali.

Alipomaliza ndipo nilipoelewa. Ukikaa barazani jioni, jua halikuchomi, upepo unapita, na kupitia yale matundu unaiona milima ya Taita. Kwetu kabisa! Yeye pia ni wa Werugha, na alikuwa amemwacha mama yake huko, mgonjwa wa kifua. Hapa Voi hakuwa na mtu. Majirani walikuwa wafanyabiashara wa kutoka bara, watu wazuri tu, lakini wa kusalimiana na kupita. Mimi nilikuwa kazini, na nikirudi najifunika gazeti.

Basi kila jioni alisimama pale na kikombe chake cha chai. Milima ikionekana anasema, "Leo wako wazi." Ukungu ukishuka anasema, "Leo wamefunikwa." Akishasema hivyo anaingia jikoni ametulia. Mimi siitikii. Mungu wangu, ningepungukiwa na nini kuitikia!

Tukaalika watu wa nyumbani waje kuiombea nyumba. Kaka yangu mkubwa hakungoja hata "amina" ikauke mdomoni.

"Hii nyumba yako ilipigwa risasi ama simiti iliwaishia?"

Watu walicheka mpaka wakamwaga chai. Nami nilicheka, lakini ndani nilikuwa naungua. Lazima uelewe, huko kwetu milimani nyumba yenye tundu ni nyumba ya mtu aliyeshindwa. Tundu linaingiza ukungu, ukungu unaleta kikohozi. Tunalelewa tukiziba. Sasa mimi, niko Voi nachuruzika jasho, nikaona aibu ya watu wa baridi!

Haikupita muda, Mama Mghoi akapanda na mtoto kwenda kumwuguza mama yake. Nikamwita fundi.

"Mama anajua?" aliniuliza.

"Wewe piga plasta."

Akapiga, pande zote mbili. Nikapaka rangi ya maziwa. Nikasimama barabarani nikiitazama kama bwana harusi.

Alirudi alasiri, na kikapu cha kabichi na njegere. Alipika chai, akachukua kikombe, akatoka barazani kwa mazoea yake. Akasimama. Akaweka kiganja kwenye plasta.

"Umewafunika," alisema.

Nisidanganye eti sikujua anawasema akina nani. Nilijua! Lakini nikamjibu, "Sasa ni nyumba ya watu."

Kuanzia hapo baraza ikawa tanuri. Hewa ilisimama. Kuta zilinywa jua mchana kutwa na kututemea usiku. Mghoi akatoka vipele vya joto shingo nzima, akawa halali mpaka mama yake ampepee kwa kifuniko cha sufuria. Na yule mwanamke hakugomba. Aliomba.

"Baba Mghoi, nitobolee mstari mmoja tu. Huo wa usawa wa macho yangu. Mama nilimwambia jioni nitakuwa namwangalia."

Mstari mmoja! Ningeufanya kwa patasi kabla chai haijapoa. Lakini nilifikiria kaka yangu akija akute nimebomoa nilichojenga, atakavyocheka. Nikamjibu kwa ukali, "Kama ni milima unataka, panda basi uende ukaikalie!"

Hakulia. Kesho yake nilirudi kutoka kazini nikakuta sakafu inang'aa, ameisugua upya. Nguo zao hazikuwepo.

Nilijiambia atarudi tu. Nikajipikia, nikala nimesimama. Joto likanikaba mimi peke yangu, na hapo ndipo nilipoijua nyumba yangu. Nilianza kusogeza viti ili nisikie kitu kinalia sakafuni. Jumapili moja nilichukua patasi na nyundo nikauvamia ukuta. Matofali mengi yalipasuka. Matundu yaliyobaki yana kingo zilizomeguka, mengine yana plasta ndani hadi leo. Nilijaribu gunzi la mahindi. Halikusaidia.

Nikapanda Werugha kuomba msamaha. Nilimkuta anamkandia mama yake kifua, Mghoi amenenepa, shingo safi. Nikasema, "Nimetoboa. Ukuta wote."

Mama mkwe alikuwa hoi, lakini aliomba maji. Akayajaza mdomoni, akayapuliza chini kama wazee wetu wanavyofanya kuitoa hasira moyoni, akasema, "Hasira na iwatoke wanangu, iende zake." Nikashukuru. Nikajua sasa yameisha, tutarudi pamoja.

Mama Mghoi alimfuta mama yake midomo, kisha akanitazama kwa upole. Heri angenitukana!

"Hasira haikuwepo, Baba Mghoi. Upweke tu. Huku sina upweke."

Nilishuka na kabichi walizonifungia.

Mama mkwe alishafariki. Mke wangu amebaki huko, analima, ananisalimia vizuri nikienda kumwona mtoto. Sijaoa tena. Wapita njia husifu nyumba, wengine husimama kuitazama.

Wewe unayekarabati nyumba, nakusihi! Usimsikilize ndugu anayekuja kula na kuondoka. Sikiliza anayelala humo. Akikuomba mstari mmoja, mpe siku hiyo hiyo, na jioni akikwambia neno dogo la milima, weka gazeti chini umjibu.

Jana jioni nilisimama pale na kikombe changu. Hakukuwa na wingu hata moja.

"Leo wako wazi," nikasema kwa sauti.

Nikampa mtu nafasi ya kuitikia. Chai ikapoa mkononi.