Jina Langu Katika Pori la Tura

Nilipokuwa na umri wa kwenda kuchuma uyoga, enzi za Mwingereza, tuliishi mwendo wa asubuhi moja kutoka stesheni ya Tura, kando ya njia ya zamani ya misafara. Mwalimu wetu wa pori alikuwa shangazi yangu Nyamizi. Kila mvua za kwanza alituchukua wasichana watano akatufundisha uyoga upi unaliwa na upi unaua, na namna ya kufunga fundo la nyasi kuonyesha ulikoelekea. Alikuwa mkali, nami nilimpenda kuliko nilivyowahi kumwambia.

Sheria yake kubwa ilikuwa moja: porini hatuitani majina. Aliyepotea agonge shina la mti kwa fimbo mara mbili, angoje, agonge tena, na wenzake wamjibu vivyo hivyo. Alisema wapagazi wengi wa misafara waliachwa humo wakiumwa, mizigo ingali mabegani, na mpaka leo wanatafuta wa kuwapokea. Wakilisikia jina lako wanalishika. Ukiitwa ukaitika, mzigo ni wako. Sisi Wakatoliki tulifanya ishara ya msalaba, tukaamini yote mawili.

Mwaka mmoja akaja Mwajuma, binti wa baba yangu mdogo aliyehamia Tabora mjini na kusilimu. Shangazi alinipa mimi kazi ya kumfundisha kugonga. Nikaahirisha leo, nikaahirisha kesho. Nisiume maneno: nilimwonea wivu. Kwa siku mbili tu aliujua uyoga ulionichukua mimi msimu mzima, na shangazi akamsifu mbele ya wote. Nikaona walau hili moja nibaki nalijua bila yeye kwa siku chache. Asubuhi ya tatu shangazi akaniuliza kama nimeshamfundisha. Nikasema ndiyo.

Alasiri wingu likatanda. Tulipokutana kwenye kichuguu tulichopatana, Mwajuma hakuwepo. Tuligonga miti mpaka viganja vikauma, kimya. Kisha, mbali, upande wa korongoni, nikasikia jina langu. Veronika. Likarudiwa, na mara ya tatu likawa refu kama la mtu anayelia.

Wenzangu walinishika mikono nisiitike. Shangazi alisikiliza ameinamisha kichwa, kisha akaniangalia.

"Ulimfundisha kugonga?"

"Nilimfundisha, shangazi."

"Basi huyo si yeye, mwanangu. Angekuwa yeye angegonga. Twendeni, labda ametangulia nyumbani."

Nilikuwa na njia nzima ya kurudi ya kusema neno moja. Fimbo ya shangazi niliiogopa kuliko wapagazi wote wa dunia, na kila hatua neno lile lilizidi kuwa gumu.

Nyumbani hakuwepo. Wanaume waliingia porini na mienge, wakagonga miti mpaka mvua ikawazimia moto. Kesho yake warina asali walimkuta mbali sana, upande wa pili wa korongo, akitetemeka. Kifua kilimbana, akawekwa chumbani kwa shangazi. Siku moja tulipobaki wawili, aliniambia kwamba usiku ule alisikia kitu kikigonga miti, akadhani ni majini, akakimbia. Kila kilipogonga, akakimbia zaidi.

"Nilikuita sana, Vero," akasema. "Hukunisikia?"

Nikamwambia sikusikia.

Alifariki kabla baba yake hajafika na treni. Shangazi hakumlaumu mtu. Alisema sikio lake limezeeka, limeshindwa kutofautisha mtoto wa kaka yake na mfu. Ile fimbo yake aliitia jikoni ikapika ugali, na hakupeleka tena wasichana porini. Ndiyo maana kijijini kwetu leo uyoga unanunuliwa barabarani, na hakuna binti anayejua kufunga fundo la nyasi. Shangazi alizikwa akijihukumu. Mimi nilikuwa mtu mzima, nina watoto, nilikaa kando ya kitanda chake siku nne nzima, na bado sikusema.

Watu huniuliza kama mambo yale ya wapagazi yalikuwa ya kweli. Huwajibu sijui, maana sauti niliyoisikia mimi ilikuwa ya mtu aliye hai, na niliijua tangu mwito wa kwanza. Sikuitika, kama nilivyofundishwa. Mzigo niliupokea vilevile, na huu ni mwaka wa sijui wa ngapi, sijapata wa kunitua.