Hodi Nyuma ya Bustani ya Waridi

Binti yangu aliichagua ile nyumba ya kufanyia harusi kwa picha tu: jumba jeupe la zamani, mashambani nje ya Houston, limezungukwa na waridi. Siku yenyewe tukaondoka alfajiri kutoka Garland, mji tunaoishi. Mama mwenyeji akatupeleka nyuma ya bustani, kwenye kibanda cha matofali ambako bibi harusi angevalia gauni lake.

"Zamani walikaa humu wafanyakazi wa shamba," akasema.

"Wafanyakazi au watumwa?" nikamuuliza.

Akatabasamu, akaanza kunisimulia habari za waridi. Nilitamani kumzaba kibao.

Binti yangu akatangulia ndani. Mimi nikabaki nje. Mlango ulikuwa mfupi kama wa banda la kuku, lakini nyumba ya watu ni nyumba ya watu. Nikapiga hodi. Binti akacheka, akanijibu kwa Kiingereza chake kwamba humo hamna mtu.

Nikapiga ya pili, nikapiga ya tatu. Kwetu, ya tatu isipoitikiwa na wenye nyumba, unageuka unarudi ulikotoka.

Ila gauni la mwanangu nilikuwa nimelishika mimi. Nikainama, nikaingia.